Mgongo mtupu, kishuka au tandiko: farasi machachari umpande vipi?

Watoto wa Mikindani, huku Mtwara, wana swali moja wasilochoka kuniuliza: "Shangazi, mbona leo umemvua?" Wanamaanisha Kusi, farasi jike wangu, siku anapopita mgongo mtupu. Akiwa na tandiko husema amevaa. Nimekuwa nikiwajibu kwa mkato na kuendelea na safari yangu, lakini hivi karibuni kijana mmoja wa Lindi kapata farasi wake, naye ni moto wa kuotea mbali, akanipigia simu: "Shangazi, shikamoo. Huyu mnyama hatulii. Nianze naye mgongo mtupu tuelewane, au nisubiri mpaka nipate tandiko?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa mkato.

Njia za kulinganisha ni tatu. Kuna mgongo mtupu, wewe na manyoya yake basi. Kuna kishuka, yaani kitambaa kinene cha kulalia mgongoni, chenye mkanda wa tumbo lakini kisicho na kitu kigumu ndani. Na kuna tandiko kamili, lenye fremu ngumu chini ya ngozi na vikuku vya kutia miguu. Niseme mapema ninakoegemea ili usije ukasema nimekuzungusha: kwa farasi machachari, mgongo mtupu ni darasa la dakika 15 ndani ya ua. Si usafiri. Wanaotimua shoti ufukweni bila tandiko ili wapigwe picha, mimi simo. Wala simo kwa wale wanaouita mchezo wa kitoto, kwa sababu niliyoyajua kuhusu Kusi ndani ya hizo dakika 15 sikuyajua kwa miezi minane niliyompanda nimekalia tandiko.

Huku hakuna babu wa kumwuliza

Ukiwa Arusha, au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, utampata mtu aliyekulia na farasi. Kusini mlango huo ulifungwa na mbung'o zamani. Wajerumani walipokuwa wakichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale pale Tendaguru, bara ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, shehena ile haikubebwa na farasi wala punda. Ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi mpaka bandari ya Lindi, maana mnyama wa mizigo asingedumu mbele ya mbung'o. Kwa hiyo hatukurithi ujuzi wa farasi. Kila mmoja wetu anaokota wake njiani, na mwingi tunauokota chini baada ya kuanguka.

Aliye na ujuzi wa mnyama wa kupandwa huku kwetu mara nyingi ameupata kwa punda, na hapo pana mtego. Mjomba wangu alifanya kazi majahazini mpaka Lamu, na punda wa kule aliwapanda sana. Alipomwona Kusi akasema hiki si kitu. Akapanda juu ya baraza, akajirusha mgongoni, kisha akajisogeza nyuma, nyuma kabisa, karibu na mkia. Punda ndivyo anavyopandwa, kwa sababu mabega yake ni bapa, hayana kigongo cha kukuzuia. Ukikaa mbele utamteleza shingoni. Farasi kigongo anacho, na mahali pako ni nyuma yake tu, magoti yakiangukia nyuma ya mabega yake. Ukivuka mbavu ya mwisho umekaa kiunoni, na kile kiuno hakina mbavu za kukubeba. Kusi alikunja mgongo kama paka, na mjomba akateremka upande wa bahari. Akajikung'uta mchanga kwenye kikoi, akasema, "Huyu hana adabu." Nikamjibu kwa heshima zote, "Mjomba, umemkalia figo."

Hilo peke yake ni hoja ya kulinganisha. Tandiko linakukalisha mahali sahihi hata kama hujui. Mgongo mtupu haukwambii ukae wapi mpaka umekosea.

Kinachosikika

Ngozi ya farasi inamhisi nzi akitua. Utaiona inatetemeka pale pale alipotua, wala si kwingine. Sasa weka kati ya ngozi hiyo na wewe blanketi, sponji, fremu na ngozi ya ng'ombe. Mtaongea, ndiyo, lakini ni kama majirani wanaoongea huku ukuta wa udongo uko katikati: ukitaka usikike unapaza sauti. Na farasi machachari hapendi kupaziwa sauti.

Siku ya kwanza nilipompanda Kusi bila kitu, tulikuwa ndani ya ua wangu wa mianzi, upana wake mita 20 hivi. Nilitaka kutembea tu. Mzunguko wa pili, pale ua unapopakana na njia ya bodaboda, nilisikia kitu chini ya paja la kushoto. Ule msuli mrefu unaopita kando ya uti wake wa mgongo ulikuwa laini, mara ukajaa, ukakaza, kama kamba ya tanga upepo unapoingia. Nikamtazama masikio: yalikuwa bado yametulia, moja mbele, moja kwangu. Kisha ndipo masikio yakasimama yote mawili, kichwa kikapanda, na bodaboda ikatokea kwenye kona. Miezi yote ile nilidhani Kusi hushtuka ghafla. Kumbe alikuwa ananiambia kabla, na mimi nilikuwa sisikii kwa sababu ya lile tandiko.

Sekunde ile moja ndiyo mali yote ya mgongo mtupu. Ukishaijua, una la kufanya kabla hajaruka: unatoa pumzi ndefu mpaka tumbo lilegee, unayaacha makalio yawe mazito, unamgeuza kichwa kidogo upande wa kile anachokihofia ili akione kwa jicho. Farasi anaona karibu pande zote za mwili wake, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia, hivyo mara nyingi kugeuza kidogo tu kunatosha. Na akishusha kichwa, msuli ule ule utausikia ukilegea chini yako, polepole, upande mmoja kwanza.

Jambo la pili nililolisikia lilinitia aibu. Kusi alikuwa anageuka kulia kama maji, na kushoto kwa ubishi. Nilishamwita mkaidi mbele za watu. Mgongo mtupu ukanifichua: mfupa wa kalio langu la kulia ulikuwa unamchoma zaidi ya wa kushoto, maana tangu nivunjike kifundo cha mguu naegemea kulia bila kujijua. Kila nilipomwomba kushoto, mwili wangu ulikuwa unamwambia kulia. Yeye alikuwa anajibu lile alilolisikia kwa nguvu zaidi. Nilipojifunza kulijaza kalio la kushoto na kutazama kule ninakotaka kwenda, kwa macho na kifua, alianza kugeuka hata vigwe, zile kamba za kumwongozea, vikiwa vimelala shingoni.

Ile siri inayosemwa na kila anayefundisha farasi, kwamba mnyama huyu hajifunzi unapombana bali pale unapoachia, huielewi vizuri mpaka ukae hivi. Unamgusa kwa shavu la mguu, anapiga hatua, unaacha papo hapo. Ukichelewa kuacha, somo limepotea, na ukirudia hivyo siku tatu unakuwa umemfundisha kwamba mguu wako ni kelele tu. Kwa farasi mpole kuchelewa ni kosa dogo. Kwa machachari ni deni, na atalidai siku usiyoitarajia.

Wala si mambo ya mtandaoni hayo. Wanumidia wa Afrika Kaskazini, waliowapa Warumi shida vitani na baadaye wakapigana upande wao, walipanda bila tandiko na bila lijamu, kile chuma cha mdomoni, na farasi wao wakawatii. Mgiriki Xenophon alifundisha upandaji zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, karne nyingi kabla vikuku havijafika Ulaya. Ila mimi nilianza nikiwa na miaka 31, na siku ya kwanza nilimshika Kusi singa za shingo kwa mikono yote miwili kama abiria wa daladala aliyekosa kiti.

Miguu inayosema uongo

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo tandiko linaposhinda bila ubishi.

Mtu akiogopa juu ya mgongo mtupu hubana. Hubana magoti, kisha visigino, kwa sababu hana kingine cha kushika. Na visigino ubavuni, kwa lugha ya farasi, maana yake ni moja tu: nenda. Basi anakwenda. Wewe unaogopa zaidi, unabana zaidi, naye anakwenda zaidi. Mnyama mtiifu kabisa, anafanya kila unachomwagiza.

Lilinikuta mwezi wa Julai kwenye mashamba ya mikorosho juu ya Mikindani. Wiki mbili za uani zilikuwa zimenijaza kiburi, nikatoka naye mgongo mtupu asubuhi. Nilisahau ni msimu wa salfa. Wenye mashamba wanapulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na ile mashine ya kubeba mgongoni inapowashwa inanguruma kama pikipiki iliyotobolewa bomba, halafu wingu la vumbi la njano linaruka juu ya mti. Msuli ule nilioutaja niliusikia ukikaza, naam. Lakini kusikia si kujua la kufanya. Mashine ilipolia, visigino vyangu vilimbana vyenyewe. Kusi akatimua. Nilikaa hatua labda saba, tawi la mkorosho likaja usawa wa kifua, nikajilaza, na kujilaza huko kukanimalizia. Niliangukia kwenye majani makavu, bega likaniuma wiki mbili. Yeye alisimama mbele kidogo, vigwe vinaburuta, akanigeukia na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Na kweli ni mimi niliyemtuma.

Ningekuwa na tandiko ningekuwa na pa kukanyaga. Vikuku vinampa mguu kazi nyingine isiyokuwa kubana: uzito unateremka kwenye nyayo, mapaja yanalegea, sehemu ya mbele ya tandiko inakuzuia usiende shingoni na ya nyuma inakuzuia usiende mkiani. Mtu mwenye hofu juu ya tandiko anaweza kunyamaza kwa miguu. Juu ya mgongo mtupu hawezi, mpaka mwili wake uzoee, na kuzoea huko ni kwa wiki na miezi.

Kwa hiyo kama ungeniuliza kipimo kimoja tu cha kuchagulia, nisingeuliza farasi wako ni mkali kiasi gani. Ningeuliza wewe ukishtuka miguu yako inafanya nini. Kaa kwenye ukuta mfupi au kwenye gogo la mnazi, umekanyagia hewani, mwambie mtu akupigie honi nyuma bila kukuonya. Ukibana gogo, na farasi utambana.

Mgongo wake nao una hesabu

Wengi hudhani kumwondolea tandiko ni kumwonea huruma. Mzigo unapungua, kweli, ila unakaa vibaya zaidi. Fremu ya tandiko inauacha wazi uti wa mgongo na kuutandaza uzito pande zote mbili, kwenye misuli. Bila tandiko uzito wako unashukia kwenye mifupa miwili ya makalio, karibu na uti, kwenye sehemu ndogo. Vipimo vilivyochukuliwa kwa mikeka yenye vihisio chini ya mpandaji vimeonyesha hivyo hivyo: shinikizo linajikusanya chini ya hiyo mifupa miwili. Anayekaa dakika 15 kwa mwendo wa kutembea hamdhuru farasi mwenye mgongo ulioshiba. Anayeruka-ruka juu yake saa nzima kwa mwendo wa telki anamtwanga.

Mzani wa farasi huku haupo, lakini futi ya fundi cherehani ipo. Mzungushie kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, upate sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya paja la nyuma. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Utapata kilo za kukadiria. Kusi ana mzunguko wa 170 na urefu wa 165, kwa hiyo ni kilo 400 hivi. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni kutozidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, mtu na vifaa vyake pamoja, yaani kilo 80 kwake. Mimi nina 68, tandiko lina 9. Nimo, lakini sina nafasi ya begi la korosho. Kwa mgongo mtupu napunguza ile 9, ila siichukui kama ruhusa ya kukaa muda mrefu, kwa sababu niliyoitaja.

Tandiko nalo lisipomkaa ni adui kuliko makalio yako. Baada ya safari ya nusu saa livue uangalie jasho. Likiwa limelowanisha sawasawa, vizuri. Ukiona viraka vikavu katikati ya unyevu, mara nyingi pale ndipo linapombana mpaka damu na jasho vinakosa njia. Baada ya miezi nywele za pale zitaota nyeupe. Langu la kwanza lilikuwa la mtumba, zuri kwa macho, na lilimfanya Kusi ang'ate ukuta kila nilipofunga mkanda wa tumbo. Nilimwita mkorofi kwa hilo pia. Farasi wengi "machachari" ninaowaona ni farasi wenye tandiko baya. Wavue, uwapande mgongo mtupu dakika chache uani, na ukiona ghafla wamekuwa watu wengine, una jibu lako. Hapo mgongo mtupu unakuwa kama kipimo cha daktari, na sijaona kipimo rahisi zaidi.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Mtwara si Arusha. Unyevu wa kaskazi unamtoa farasi jasho kabla hujamaliza mzunguko wa tatu, na mgongo wenye jasho unateleza kama sabuni ya mche iliyolowa. Jioni ndiyo kungekuwa na ubaridi wa kupandia, lakini visubi, wale wadudu wadogo wanaouma na kueneza tauni ya farasi, hutoka jua likizama, na ugonjwa ule unaua. Jua linapoanza kushuka Kusi anakuwa bandani, nyuma ya wavu. Basi inabaki asubuhi, saa 12 mpaka saa 3. Muda mfupi hivyo, somo fupi la mgongo mtupu linatoshea vizuri. Kuhusu suruali, vaa nyeusi au ya zamani. Jasho la farasi halina heshima kwa nguo.

Kishuka

Kishuka ni cha katikati, na kama vitu vingi vya katikati kina wanaokipenda na wanaokicheka. Mimi nakipenda kwa farasi mwenye uti uliochomoza, maana kinamwokoa yeye na kinakuokoa wewe. Unasikia karibu kila kitu, na jasho halikutelezeshi. Cha kwangu nilishonewa sokoni Mtwara: blanketi mbili, sponji ya godoro yenye unene wa vidole viwili, turubai juu, na mkanda mpana wa pamba wa kupitisha tumboni.

Kina hila zake mbili. Kinazunguka, hasa kwa farasi mnene wa mviringo, na mkanda ukiukaza sana ili kisizunguke unambana mbavu. Na kuna wanaokitundikia vikuku. Usifanye. Bila fremu, kamba za vikuku zinavuta sehemu nyembamba ya mgongo kila unaposimama, na ukiegemea upande mmoja mzigo wote unageuka tumboni mwa farasi na wewe ukiwa nao. Ukihitaji vikuku, unahitaji tandiko.

Kuanguka

Utaanguka. Kwa mgongo mtupu utaanguka mara nyingi zaidi, lakini unaanguka ukiwa huru: hakuna cha kukunasa. Kwa tandiko unaanguka mara chache, na hatari yake kubwa ni mguu kunasa kwenye kikuku farasi akikimbia. Ndiyo maana viatu vya kupandia vina kisigino kidogo na soli isiyo na makucha. Ndala na raba za mpira zenye mipasuo mikubwa, hapana, hata kwa dakika tano.

Kofia ngumu vaa kwenye zote tatu. Ile ya wapanda farasi ni nyepesi na inaacha masikio wazi usikie. Helmeti ya bodaboda ni nzito na inaziba, ila mimi nilianza nayo, na siku ya mashine ya salfa nilikuwa nayo. Watoto walicheka. Wacheke.

Mchanga nao una sura mbili. Maji yakikupwa, ule mchanga uliolowa na kushikamana ni mahali pazuri pa kutembeza farasi, unampa mguu imara na unakupokea ukianguka. Mchanga mkavu wa juu, karibu na minazi, unazama. Unamchosha na kumvuta mishipa ya miguu. Na upande wa mwamba wa matumbawe, kama sehemu za Shangani ya Mtwara, usiende mgongo mtupu kabisa. Pale ukianguka huangukii mchanga.

Kilichomfaa kijana wa Lindi

Nikamwuliza maswali kabla ya kumjibu. Farasi wake ni maksai, yaani dume aliyehasiwa, miaka saba, ameshuka kwenye lori wiki tatu zilizopita. Uti wa mgongo unaonekana kama kamba chini ya ngozi. Akimfunga kamba anazunguka mti mpaka amejifunga mwenyewe. Akiambiwa simama, hasimami. Anafugwa karibu na barabara ya malori.

Kwa huyo, mgongo mtupu hapana: hana nyama ya kukalia, na mifupa miwili ya makalio juu ya uti ule ingekuwa mateso. Tandiko pia hapana, kwa sasa, kwa sababu umbo lake litabadilika akinenepa, na lile litakalomkaa leo litambana baada ya miezi mitatu. Pesa ya tandiko nikamwambia aigeuze iwe majani, pumba, chumvi na dawa ya minyoo atakayoandikiwa na daktari wa mifugo.

Na mazungumzo yaanzie chini. Asimame begani kwake, amwombe kwa kamba alete kichwa upande mmoja, alegeze kamba mara tu kichwa kinapolegea, kisha upande wa pili. Atembee naye, asimame, na farasi asimame bila kuvutwa. Akipitiliza, amrudishe hatua moja nyuma kwa utulivu na kuanza tena. Amzoeshe gogo au baraza: asimame juu, amwegemee mgongoni kwa tumbo, ateremke, aondoke. Siku inayofuata tena. Farasi aliyekubali kusimama wakati unapanda na kushuka mara kumi ameshakwambia mengi. Hapo, akiwa ameshiba mgongo, aje na kishuka ndani ya ua, mtu mmoja akishika kamba, kutembea tu, dakika 10. Baada ya kishuka, mgongo mtupu. Tandiko linunuliwe la mwisho, lipimwe juu ya mgongo wenye nyama, na siku ya kwanza ya kuvuka barabara ya malori awe amelikalia.

Akanyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Shangazi, yaani nina farasi, halafu miezi miwili natembea kwa miguu? Watu wa hapa watanisema."

Nikamwambia miezi mitatu. Na nikamwambia kwamba mimi mwenyewe, ngoma za unyago zikianza kurindima mtaa wa pili na Kusi akainua kichwa, huwa nashuka, namshika kamba, tunapita tukitembea sote wawili, na watu wa Mikindani wamenisema mpaka wamechoka.

Wiki iliyopita amenitumia picha kutoka Kitunda, ng'ambo ya bandari ya Lindi, maji yakiwa yamekupwa. Yeye yuko mbele, suruali imekunjwa mpaka magotini. Farasi yuko nyuma yake hatua moja, kichwa kiko chini, kamba imelegea mpaka inagusa mchanga. Bado hajampanda.